Jaha ya Mwanazuoni: Imamu Al-Ghazali na Ukosoaji wa Mali

Utangulizi

Msomaji wa tenzi za kale za Kiswahili hukutana mapema na suala la mali na fahari ya dunia. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, pamoja na taswira yake ya majumba ya Pate yaliyogeuka magofu, imefundishwa kwa miaka mingi kama utenzi wa majuto juu ya kuanguka kwa mji wa wafanyabiashara. Ufafanuzi huo una ukweli, ila hautoshi. Sayyid Abdalla alikuwa wa ukoo wa Sheikh Abu Bakr bin Salim wa Inat, mmojawapo wa koo za masharifu wa Ba Alawi wa Hadhramaut, na miongoni mwa watu hao kitabu kimoja kilipewa heshima ya pekee baada ya Kurani na Hadithi, nacho ni Ihya Ulum al-Din, yaani Kuhuisha Elimu za Dini. Huko Tarim, Abdallah al-Aydarus, aliyefariki mwaka 1461, aliwahimiza wafuasi wake wadumu katika kukisoma. Kwa hiyo, yeyote atakaye kuelewa jinsi mali ilivyolaumiwa katika ushairi wa dini wa pwani hana budi kurejea kwa mtunzi wa kitabu hicho, mtu ambaye alianza kuishuku dunia wakati dunia ilipokuwa imemnyooshea mikono yote miwili.

Mtu huyo ni Abu Hamid Muhammad bin Muhammad al-Ghazali, aliyezaliwa Tus katika Khurasan mwaka 450 Hijria (1058), kwa tarehe iliyozoeleka, na kufariki huko huko mwaka 505 (1111). Ni kawaida kumtaja kama adui wa mali. Sifa hiyo inampunja, kwa sababu katika mizani yake mali ilikuwa maradhi madogo. Maradhi makubwa ilikuwa ni cheo, na wagonjwa wake wa kwanza walikuwa wasomi wenyewe.

Kutoka Tus hadi Baghdad

Kwa mujibu wa masimulizi yaliyohifadhiwa na al-Subki, baba yake alikuwa fukara aliyesokota sufi na kuiuza dukani. Alipokaribia kufa alimwusia rafiki yake, mtu wa tasawufi, awalee wanawe wawili, Muhammad na Ahmad, kwa akiba ndogo aliyoiacha. Akiba ilipokwisha, mlezi huyo naye hakuwa na kitu, akawashauri vijana wajiunge na madrasa ambako mwanafunzi hupata chakula chake. Al-Ghazali hakulificha jambo hilo alipokuwa mtu mzima. Alikiri kwamba wao waliiendea elimu kwa sababu isiyokuwa Mungu, na elimu ndiyo iliyokataa kuwa ya mwingine asiyekuwa Yeye. Katika maneno hayo machache mna mbegu ya mengi aliyoyaandika baadaye.

Baada ya masomo ya awali Tus na Jurjan, alikwenda Nishapur kwa Imamu al-Haramayn al-Juwayni, mwanazuoni mkubwa wa Kishafi wa zama hizo, akakaa naye hadi mwalimu huyo alipofariki mwaka 478 (1085). Kisha akaelekea kwenye kambi ya Nizam al-Mulk, waziri wa masultani wa Kiseljuki. Waziri huyo alikuwa amejenga madrasa katika miji mikubwa ya dola, zikaitwa Nizamiyya kwa jina lake, akaziwekea wakfu wa kuwalipa walimu na kuwalisha wanafunzi. Ulikuwa ukarimu, na ulikuwa siasa pia. Dola ya Kiseljuki ilihitaji makadhi, makatibu na wahubiri watakaoitetea dhidi ya Wafatimi wa Misri na wajumbe wao wa siri. Mwanazuoni aliyeng'ara mbele ya waziri katika mijadala alikuwa amejifungulia mlango wa riziki.

Al-Ghazali aling'ara. Mwaka 484 (1091), akiwa na umri wa miaka 33 hivi, aliteuliwa kuongoza Nizamiyya ya Baghdad, mji wa Khalifa. Wanafunzi wapatao 300 walimsikiliza. Ibn al-Jawzi amehifadhi habari ya mtu aliyeshuhudia kuingia kwake mjini, kwamba nguo zake pamoja na mnyama aliyempanda zilikadiriwa kuwa na thamani ya dinari 500. Kalamu yake nayo haikuwa mbali na kasri: kwa agizo la Khalifa al-Mustazhir aliandika kitabu cha kuwapinga Mabatini, na katika miaka hiyo hiyo alikamilisha Tahafut al-Falasifa, hoja yake mashuhuri dhidi ya wanafalsafa. Abd al-Ghafir al-Farisi, aliyemfahamu ana kwa ana, hakuficha kwamba Al-Ghazali wa siku hizo alikuwa na kiburi na aliwadharau watu kwa kuringia ufasaha na wepesi wa akili aliojaaliwa.

Miezi Sita ya Mwaka 488

Katika Ramadhani ya mwaka 485 (1092) Nizam al-Mulk aliuawa safarini, na mwezi uliofuata Sultani Malik Shah akafa. Wanawe na jamaa zake wakaingia vitani kuwania utawala. Wapo watafiti waliodai kwamba hofu ya siasa hizo ndiyo iliyomkimbiza Al-Ghazali Baghdad miaka mitatu baadaye. Haielekei kwamba mtu wa nafasi yake hakuitambua hatari. Hata hivyo, hofu peke yake haielezi kwa nini mtu aliyekimbia upanga aache pia mshahara, wanafunzi na jina, wala kwa nini hakutafuta ulinzi wa mtawala mwingine, jambo ambalo lingekuwa jepesi kwake.

Maelezo yake mwenyewe yamo katika Al-Munqidh min al-Dalal, kitabu alichokiandika miaka kumi na zaidi baada ya tukio. Alikuwa amesoma vitabu vya wasufi, miongoni mwake vya Abu Talib al-Makki na vya al-Muhasibi, akatambua kwamba yaliyobaki hayapatikani kwa kusoma. Ndipo alipoikagua kazi yake. Akaona kuwa elimu nyingi alizozifundisha hazikuwa na faida kwa Akhera, na nia yake katika kufundisha haikuwa safi, bali ilisukumwa na kutafuta jaha na kuenea kwa sifa. Tangu Rajabu mwaka 488 (1095) alivutana na nafsi yake kwa karibu miezi sita. Asubuhi aliazimia kuondoka, jioni azma ikavunjika. Hatimaye ulimi ukafungwa. Alijitahidi kufundisha hata siku moja ili kuwaridhisha wanafunzi, lakini neno halikutoka. Huzuni ikashuka moyoni, chakula kikawa hakishuki kooni, na matabibu wakakata tamaa wakisema maradhi yameanzia moyoni.

Namna alivyoondoka inastahili kuangaliwa kwa makini, kwa kuwa inaonyesha tofauti kati yake na mtu anayechoma nyumba yake. Alitangaza kuwa anakwenda hija Makka, hali moyoni alikusudia Shamu, maana alichelea kwamba Khalifa na marafiki wangemzuia. Aligawa mali yake, lakini alibakiza kiasi cha kujikimu na chakula cha watoto wake. Aliona hakuna fedha iliyo halali zaidi kwa mwanazuoni kuwalishia watoto kuliko ile ya wakfu wa Iraki uliowekwa kwa maslahi ya Waislamu. Mtu aliyevunjika hivyo bado alikumbuka kuhesabu mkate wa wanawe, na hata katika toba alifikiri kama mwanasheria. Ndugu yake Ahmad alishika nafasi yake ya kufundisha. Mwezi wa Dhulkaada, Al-Ghazali akatoka Baghdad.

Mali, Jaha na Wanazuoni katika Ihya

Dameski alijitenga katika mnara wa msikiti mkuu, akijifungia mchana kutwa. Kisha Baitul Mukaddas, kisha kaburi la Nabii Ibrahimu huko Hebron, kisha hija. Katika miaka hiyo ya kutangatanga ndipo Ihya ilipoandikwa, vitabu 40 katika robo nne. Robo ya tatu inahusu mambo yenye kuangamiza, na ndimo ulimo ukosoaji wake wa dunia, wa ubahili na kupenda mali, wa jaha na ria, wa kiburi na wa ghururi.

Msomaji wa pwani ataitambua upesi taswira yake ya merikebu. Abiria wanateremshwa kisiwani kwa haja fupi na kuonywa wasikawie. Wenye busara wanarudi mapema na kupata nafasi pana ya kukaa. Wengine wanavutwa na maua na sauti za ndege, wakirudi wanakuta nafasi finyu. Wapo wanaorudi na mizigo ya mawe ya rangi na maua, nafasi hakuna, wakaibeba mabegani hadi maua yakanyauka na kunuka. Na wapo waliozama msituni, merikebu ikang'oa nanga bila wao. Katika mfano huu kisiwa hakilaumiwi kwa uzuri wake, wala kushuka si kosa. Lawama ni ya kusahau safari. Kadhalika, katika kitabu cha mali anaifananisha mali na nyoka mwenye sumu na dawa mwilini mwake: mjuzi humshika akatoa dawa, mjinga humshika akafa. Mwandishi huyu alitunga pia kitabu kizima juu ya adabu za kuchuma, akamtukuza mtu anayewalisha jamaa zake kwa jasho lake.

Ukali wake wa kweli unaanza anapofika kwenye jaha. Kiswahili kimelipokea neno hili likiwa na uzuri wake wote, hata tukapata kilango cha jaha. Kwa Al-Ghazali, mali ni kumiliki vitu na jaha ni kumiliki mioyo ya watu, na hii ya pili ndiyo yenye kuteka zaidi. Mali hulindwa dhidi ya wezi na huongezwa kwa taabu, ilhali sifa haiibiwi na hukua yenyewe, kwani kila moyo uliotekwa huuteka mwingine. Tena mwenye jaha huipata mali kwa urahisi, lakini tajiri asiye na sifa hawezi kwa urahisi kuinunua mioyo. Hapa ndipo mtoto wa msokota sufi, aliyeingia madrasa kwa ajili ya mkate na kuishia kwenye dinari 500, anapoijadili historia yake bila kujitaja.

Mfano wake wa kitabu cha kwanza cha Ihya haujachakaa. Aliona miji ambayo haikuwa na tabibu hata mmoja isipokuwa wasiokuwa Waislamu, na hakuna aliyejishughulisha kusoma utabibu japokuwa ni faradhi kifaya. Wote walisongamana kwenye fikihi na mabishano yake. Sababu aliyoitoa ni ya kiuchumi waziwazi: utabibu haumfikishi mtu kwenye usimamizi wa wakfu, utunzaji wa mali za mayatima, ukadhi na kuwapita wenzake. Uchaguzi wa somo, kwa maoni yake, ulifuata njia ya riziki na cheo, kisha ukavikwa kanzu ya dini.

Matajiri nao hawakuachwa. Katika kitabu cha ghururi wapo wanaojenga misikiti na madrasa wakaandika majina yao kwa matofali, na wapo wanaorudia hija mwaka hata mwaka huku majirani zao wakilala na njaa. Lakini katika kitabu cha mali, akimfuata al-Muhasibi kwa kirefu, anawageukia tena wanazuoni wanaorundika mali na kujitetea kwa utajiri wa Sahaba Abd al-Rahman bin Awf. Hoja hiyo anaibomoa kwa ukali ambao hakuutumia kwa mfanyabiashara yeyote.

Nadhiri na Kurejea Nishapur

Huko Hebron aliweka nadhiri ya mambo matatu: kutopokea mali ya sultani, kutokwenda kumwamkia sultani, na kutoshiriki mijadala ya kushindana. Alirejea Tus akaishi faraghani. Aliyemwona tena Baghdad katika kipindi cha zuhudi yake alizikadiria nguo zake kuwa na thamani ya kirati 15.

Hata hivyo, mwaka 499 (1106) alikubali kufundisha katika Nizamiyya ya Nishapur kwa kuombwa na Fakhr al-Mulk, mwana wa Nizam al-Mulk, aliyekuwa waziri wa Sanjar. Jambo hili limewasumbua waliomwandika. Madrasa ilikuwa ya dola, na aliyemwita ni mwana wa yule yule aliyemkuza. Yeye alijitetea kwamba karne mpya ya Hijria ilihitaji mwenye kuihuisha dini, na kwamba zamani aliita watu kwenye elimu inayoleta jaha, sasa anawaita kwenye elimu ya kuiacha. Utetezi huo hauwezi kupimwa na mtu wa nje, na yeye aliyeandika kitabu kizima juu ya hila za nafsi alilijua hilo kuliko wasomaji wake. Abd al-Ghafir, kwa upande wake, alikiri kwamba mwanzoni alidhani unyenyekevu wa rafiki yake ni wa kujifanya, na ni baada ya kuchunguza ndipo aliposadiki kuwa mtu amebadilika.

Fakhr al-Mulk naye aliuawa mwaka 500. Wapinzani wakamshitaki Al-Ghazali kwa Sanjar, naye katika utetezi wake akaikumbusha ile nadhiri. Alirudi Tus, akawa na madrasa kwa wanafunzi na makazi ya wasufi karibu na nyumba yake. Huko Andalusia, Ihya ilichomwa moto Cordoba mwaka 503 (1109) kwa amri ya utawala wa Al-Murabitun. Mwaka 504 Baghdad ilimwita tena kwenye kiti kile kile cha zamani. Akakataa.

Alifariki tarehe 14 Jumada al-Akhir 505, yaani 18 Desemba 1111. Siku zake za mwisho alizitumia kusoma Hadithi za Bukhari na Muslim, elimu ambayo katika enzi ya fahari yake hakuipa muda wa kutosha. Aliacha mabinti tu. Wapo waliomletea mali naye hakuipokea, kwa kuwa alichorithi na alichochuma kwa mkono wake kilitosha kwa chakula chake na cha watu wa nyumbani kwake.