Griffith: Aliyejifunza bila mwalimu, akaachia chuo kikuu maktaba

WANAFUNZI wa historia ya Misri na Sudan ya kale wanaofika Chuo Kikuu cha Oxford nchini Uingereza hukuta vitabu vya fani hiyo vimekusanywa chini ya paa moja, katika maktaba iliyo jirani na Jumba la Makumbusho la Ashmolean. Msingi wa hazina hiyo ulitoka katika nyumba ya msomi mmoja ambaye, alipokuwa na umri kama wao, hakupata mtu wa kumfundisha katika chuo hicho hicho.

Msomi huyo ni Francis Llewellyn Griffith, aliyezaliwa Brighton, kusini mwa Uingereza, Mei 27, 1862. Baba yake alikuwa kasisi na mkuu wa shule ya Brighton College, hivyo kijana huyo alikulia katikati ya vitabu.

Mwaka 1879 alipata ufadhili wa kusoma katika Queen's College, Oxford. Moyo wake ulikuwa umetekwa na maandishi ya Wamisri wa kale, lakini wakati huo Oxford haikuwa na mwalimu wa somo hilo. Griffith hakukata tamaa. Alitafuta vitabu mwenyewe, akajifundisha alama moja baada ya nyingine.

Mwaka 1884 alikwenda Misri kupitia Mfuko wa Uchunguzi wa Misri, chombo kilichoanzishwa miaka miwili kabla kwa juhudi za mwandishi Amelia Edwards. Huko alifanya kazi ya uchimbaji chini ya Flinders Petrie, mmoja wa waasisi wa akiolojia ya kisasa. Griffith, hata hivyo, hakuvutiwa sana na dhahabu wala sanamu. Aliyapenda maandishi, na mwaka 1889 alichapisha nakala za yale yaliyochongwa katika makaburi ya Asyut.

Elimu hiyo haikumpatia riziki kwa haraka. Kuanzia mwaka 1888 hadi 1896 aliajiriwa na Jumba la Makumbusho la Uingereza jijini London, tena katika idara iliyoshughulikia vitu vya kale vya Uingereza na vya zama za kati, si vya Misri. Hata hivyo, katika miaka hiyo ndipo alipohimiza mpango wa kunakili makaburi ya Misri kabla hayajaharibika. Mpango huo ulianza mwaka 1890, na mwaka uliofuata ulimpeleka Misri mchoraji mwenye umri wa miaka 17, Howard Carter, ambaye mwaka 1922 aligundua kaburi la Tutankhamun.

Mwaka 1896 Griffith alimwoa Kate Bradbury, binti wa tajiri wa viwanda vya pamba wa Ashton-under-Lyne. Kate alikuwa rafiki wa karibu wa Amelia Edwards, na ndiye aliyefuatana naye katika ziara yake ya mihadhara nchini Marekani mwaka 1889 na 1890. Ndoa hiyo ilimwezesha Griffith kuacha ajira na kujitolea kwa usomi. Mwaka 1898 alichapisha mafunjo ya Kahun, yenye habari za tiba, hesabu na wosia za watu wa kawaida walioishi takriban miaka 4,000 iliyopita.

Mwaka 1901 Oxford ilimpa kazi ya kufundisha somo ambalo yeye mwenyewe alilisoma bila mwalimu. Furaha hiyo haikudumu, kwani Kate alifariki mwaka 1902. Baba mkwe wake naye alifariki mwaka 1907, na mali ya familia hiyo ikawa mikononi mwa Griffith.

Mwaka 1909 alimwoa Nora Macdonald, mwanamke wa Scotland aliyekuwa mwanafunzi wake. Nora hakuwa mke wa kukaa pembeni. Alichora, alinakili, alisafiri na mumewe hadi Sudan, na kushiriki katika kuandaa maandiko yake.

Ni katika kipindi hicho Griffith alipofanya kazi iliyompa heshima kubwa zaidi. Ufalme wa Meroe, uliostawi katika Sudan ya sasa, uliacha maandishi mengi ambayo hakuna aliyeweza kuyasoma. Griffith alitumia jiwe lililopatikana Wad ban Naqa, lenye majina ya Mfalme Natakamani na Malkia Amanitore kwa maandishi ya Misri na ya Meroe pia. Kwa kulinganisha majina hayo na mengine, aliweza kutambua sauti za alama 23 za Meroe, na mwaka 1911 akatoa matokeo yake.

Tangu hapo maneno ya Wameroe yanaweza kutamkwa, ingawa maana ya mengi bado haijafahamika. Griffith alifungua mlango, lakini hakufika ndani. Alilijua hilo, na ndiyo sababu alikusanya kwa bidii kila kitabu na kila nakala ya maandishi ambayo ingewafaa watakaokuja nyuma yake.

Kati ya mwaka 1910 na 1913 yeye na Nora waliongoza uchimbaji katika maeneo ya Faras na Sanam, huko Nubia. Thamani ya kumbukumbu za kazi hiyo ilionekana wazi miaka ya 1960, wakati maji ya Bwawa Kuu la Aswan yalipoifunika Faras. Mahali palipozama hapachimbiki tena, bali daftari na picha zimebaki Oxford.

Griffith alipanda kuwa profesa mwaka 1924, akastaafu mwaka 1932 na kufariki dunia Machi 14, 1934. Mjane wake aligharimia uchimbaji wa Firka na Kawa nchini Sudan, akasimamia maandiko ambayo mumewe hakuyamaliza, kisha naye akafariki mwaka 1937.

Kwa wosia wao, vitabu na mali yao viliachiwa Chuo Kikuu cha Oxford ili kiwe na makao ya kudumu ya taaluma hiyo. Taasisi ya Griffith ilifunguliwa Januari 1939. Baadaye ilipokea pia kumbukumbu za Howard Carter kuhusu kaburi la Tutankhamun.

Mwaka 2001 vitabu vya taasisi hiyo vilihamishiwa katika jengo jipya la Maktaba ya Sackler. Mwaka 2023 chuo kiliondoa jina hilo, na sasa ni maktaba ya Bodleian ya sanaa, akiolojia na ulimwengu wa kale. Majina ya ukutani yamebadilika, lakini vitabu vimebaki.

Hivyo pamba ya Kate, kalamu ya Nora na macho ya Griffith vimezaa urithi mmoja. Kijana anayeingia leo kutafuta maana ya neno la Meroe hana haja ya kuanza peke yake.