César Milstein

César Milstein (8 Oktoba 1927 – 24 Machi 2002) alikuwa mwanabiokemia kutoka Argentina aliyefanya kazi kwa muda mrefu nchini Uingereza. Hasa anajulikana kwa kubuni, pamoja na Georges Köhler, njia ya kutengeneza kingamwili za monokloni. Mwaka wa 1984 wawili hao na Niels Kaj Jerne walipokea Tuzo ya Nobel ya Tiba.

Maisha

Alizaliwa Bahía Blanca katika familia ya Kiyahudi. Mama yake alikuwa mwalimu. Alisoma kemia katika Chuo Kikuu cha Buenos Aires na kupata shahada ya uzamivu mwaka 1957, kisha ya pili Cambridge mwaka 1960. Mwaka 1961 alirudi nyumbani kuongoza idara katika Taasisi ya Malbrán, Buenos Aires. Baada ya mapinduzi ya kijeshi ya 1962, wanasayansi wa taasisi hiyo waliandamwa na baadhi yao kufukuzwa. Milstein alijiuzulu na kurudi Cambridge mwaka 1963. Huko Frederick Sanger alimshauri achunguze kingamwili.

Ugunduzi

Kingamwili ni protini inayotengenezwa na mwili ili kushika kitu kigeni. Damu ya mnyama aliyechanjwa huwa na mchanganyiko wa kingamwili nyingi, na hakuna wanyama wawili wanaotoa mchanganyiko uleule. Seli inayotengeneza kingamwili ya aina moja tu hufa upesi nje ya mwili. Mwaka 1975 Milstein na Köhler waliunganisha seli za wengu wa panya na seli za saratani zisizokoma kugawanyika. Seli chotara iliyopatikana, yaani haibridoma, hutoa kingamwili ileile bila kikomo.

Baada ya mafanikio hayo, jaribio lilishindikana kurudiwa kwa muda. Milstein na Giovanni Galfrè waligundua kwamba kimiminika kimoja cha akiba kilikuwa kimechafuliwa.

Matumizi na utunzaji

Maabara hutumia kingamwili hizi kutafuta protini moja kati ya maelfu. Kingamwili hushika protini hiyo, kisha rangi au mwanga huonyesha mahali ilipo. Kwa kuwa nayo ni protini, huharibiwa na joto na kwa kugandishwa na kuyeyushwa mara kwa mara. Ndiyo maana hugawanywa katika vichupa vidogo kabla ya kugandishwa, na kinachotumika huwekwa kwenye jokofu.

Kipimo cha haraka cha malaria, MRDT, kinachotumiwa katika zahanati za Tanzania, zikiwemo za mikoa yenye malaria kama Shinyanga na Geita, hutegemea kingamwili za namna hii. Zimekaushwa juu ya utepe, hivyo hazihitaji jokofu. Lakini joto kali na unyevu huweza kuleta majibu ya uongo. Kwa sababu hiyo pakiti hufunguliwa wakati wa kupima tu.

Hataza

Ugunduzi huo haukuwekewa hataza, kwani shirika la serikali ya Uingereza lililohusika halikuona faida yake ya haraka. Milstein aliwagawia seli zake watafiti wa nchi nyingi. Kampuni zilipata fedha nyingi baadaye, lakini njia yenyewe ilibaki wazi kwa wote.

Alifariki Cambridge kwa maradhi ya moyo akiwa na umri wa miaka 74.