Alfred Nobel: Mtengeneza Baruti na Siri ya Mishipa ya Damu

Sisi askari twaijua baruti kwa kishindo chake. Wachache wetu wajua kwamba kiini cha dainamiti ni dawa ya moyo pia, na kwamba aliyeivumbua dainamiti aliandikiwa dawa hiyo mwenyewe.

Alfred Nobel alizaliwa Stockholm, Uswidi, mwaka 1833. Baba yake aliliundia jeshi la Urusi mabomu ya kutegwa baharini wakati wa vita vya Krimea. Kijana alijifunza kemia, akavutwa na nitrogliserini, kimiminiko alichokivumbua Mwitalia Ascanio Sobrero mwaka 1847, ambacho mtikisiko tu hukilipua. Mwaka 1864 mlipuko kiwandani mwao ulimwua mdogo wake Emil na watu wengine. Nobel hakurudi nyuma. Alikichanganya kimiminiko hicho na udongo maalumu, na mwaka 1867 akapata hataza ya dainamiti.

Wafanyakazi wa viwanda vya baruti hiyo waliumwa vichwa, kwani nitrogliserini hutanua mishipa ya damu. Madaktari nao wakaitumia kwa vipimo vidogo mno kutuliza maumivu ya moyo. Mwaka 1896 Nobel, akiugua moyo, aliandikiwa kitu kile kile, naye akastaajabia majaliwa yake. Alifariki San Remo, Italia, tarehe 10 Desemba mwaka huo, kwa kuvuja damu ubongoni. Wosia wake ulizaa tuzo zilizoanza kutolewa mwaka 1901.

Siri ilifumbuliwa baadaye. Utando wa ndani ya mshipa hutoa hewa iitwayo oksidi ya nitriki, inayoiamuru misuli ya mshipa ilegee. Nitrogliserini hutoa hewa hiyo hiyo mwilini. Utando huo hutoa pia endothelini, inayoamuru mshipa ukazwe. Amri ya kukaza ikiishinda ya kulegeza, shinikizo la damu hupanda. Mwaka 1998 Wamarekani Robert Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad walipewa Tuzo ya Nobel kwa ugunduzi wa kazi ya hewa hiyo.

Ndugu askari, adui huyu haji na kishindo. Mara nyingi shinikizo la damu halina dalili, hata siku mshipa upasukapo. Sigara huudhoofisha utando huo, na chumvi nyingi hupandisha shinikizo. Basi yatupasa kupimwa tungali wazima, na kutumia dawa kwa amri ya daktari, si kwa kuazima ya mwenzetu. Mlinzi wa nchi na aanze kwa kulinda mishipa yake.