Bernardino Ramazzini, Mganga Aliyewauliza Watu Kazi Zao

Leo nataka kuwasimulia maisha ya mganga mmoja wa Italia aliyefariki zaidi ya miaka 300 iliyopita. Huenda mtajiuliza mtoto wa Kidato cha Tatu ana habari gani na mzee wa zamani namna hiyo. Sababu yake ni mkono wangu wa kulia.

Muhula uliopita nilichaguliwa kulipiga chapa gazeti letu hili. Kila jioni nilikaa katika chumba cha kompyuta, nikapanga kurasa kwa kipanya kidogo kama kiberiti. Baada ya wiki nne kifundo cha mkono kikaanza kuuma. Kisha vidole vikafa ganzi, hata siku ya jaribio la hesabu kalamu ikaniponyoka mara mbili. Nilikwenda kutazamwa, nikapewa vidonge vya maumivu. Hakuna aliyeniuliza kazi ninayofanya jioni, wala mimi sikusema. Basi nikakihamishia kipanya mkono wa kushoto, nikajiona mjanja sana. Mwalimu wetu wa historia aliponiona alitikisa kichwa, akaniambia nisome habari za Ramazzini kabla sijaharibu na mkono wa pili.

Bernardino Ramazzini alizaliwa mwaka wa 1633 katika mji wa Carpi, karibu na Modena. Alisoma falsafa na uganga katika chuo kikuu cha Parma, akahitimu mwaka wa 1659. Baada ya kujifunza zaidi huko Roma alipelekwa kutibu watu katika miji midogo ya mkoa wa Viterbo. Huko alishikwa na homa ya malaria, nayo ikamdhoofisha sana hata hakuwa na budi kurudi kwao Carpi. Tangu hapo alijua ugonjwa ni kitu gani, si kwa vitabu tu bali kwa mwili wake mwenyewe. Baadaye akawa mmoja wa waganga walioitetea dawa ya gome la mkwinini, wakati wengi walikuwa bado wakiibishia.

Mwaka wa 1671 alihamia Modena, na mwaka wa 1682 mtawala wa mji huo alimfanya mwalimu wa uganga katika chuo kikuu. Akawa mtu mwenye cheo na heshima. Lakini jambo lililobadili maisha yake halikutoka chuoni. Lilitoka katika shimo la choo cha nyumba yake.

Siku moja alikuja mtu kuzoa uchafu katika shimo hilo. Ramazzini akamwona anafanya kazi kwa haraka nyingi, kama anayekimbizwa, akamhurumia. Akamwuliza kwa nini asipumzike. Yule mtu akainua uso, akaeleza kuwa asiyewahi kuifanya kazi ile hawezi kujua inavyomgharimu mtu. Akikaa mle ndani zaidi ya saa nne hupata kama upofu. Alipotoka shimoni Ramazzini aliyatazama macho yake, akayaona mekundu na yenye ukungu. Akamwuliza wanafanya dawa gani. Akajibiwa kuwa hurudi nyumbani, hujifungia gizani na kuosha macho kwa maji ya uvuguvugu. Ramazzini alikuwa amekwisha kuwaona katika mji ule wazoaji waliopofuka kabisa, wakawa waombaji barabarani.

Wengine wangelimlipa yule mtu na kumsahau. Ramazzini hakumsahau. Alianza kuingia katika karakana na viwanda vya mafundi, akawatazama wafanyavyo kazi, akawauliza wanaumwa wapi. Aliwaona wafinyanzi wanaotetemeka mikono kwa sumu ya risasi iliyomo katika rangi ya vyungu, na waokaji mikate wanaokohoa kwa vumbi la unga. Aliwatazama wafua nguo, wakunga, na washona nguo wanaoinama mchana kutwa juu ya kitambaa. Katika mwaka wa 1700 alitoa kitabu cha Kilatini juu ya magonjwa ya wafanyakazi, chenye habari za kazi zaidi ya 40. Humo aliwafundisha waganga desturi mpya. Tangu zamani za Hippocrates mganga humwuliza mgonjwa anaumwa nini, tangu lini, na amekula nini. Ramazzini aliongeza swali moja: kazi yako ni ipi? Tena alisema mganga aingiapo katika nyumba ya maskini asiwe na haraka ya kuondoka. Aketi, hata kama ni juu ya kigoda cha miguu mitatu, asikilize.

Mwaka huo huo wa 1700 aliitwa kufundisha Padua, mojawapo ya vyuo vikubwa vya Ulaya. Macho yake yalikwisha kufifia kwa uzee, lakini hakuacha kazi. Mwaka wa 1713, naye akiwa na miaka karibu 80, alitoa kitabu chake mara ya pili, akatia sura nyingine 12. Mojawapo ni ya wapiga chapa, ambao baada ya kupanga herufi mchana kutwa huziona bado mbele ya macho yao usiku. Niliposoma hayo nilicheka, maana mimi pia nilikuwa naota kurasa za gazeti.

Sura nyingine ni ya waandishi na makarani, nayo ndiyo niliyotumwa kuisoma. Ramazzini alisema kuwa maradhi yao yana sababu tatu: kukaa kitako bila kuinuka, kuutembeza mkono muda wote kwa mwendo ule ule, na kuishughulisha akili isije ikakosea. Kisha alisimulia habari za karani mmoja aliyemjua, aliyeandika maisha yake yote na kupata mali kwa kuandika. Mkono wake wa kulia ulianza kuchoka, dawa hazikufaa, mwishowe ukapooza. Yule karani akajifunza kuandika kwa mkono wa kushoto. Haukupita muda mrefu, na wa kushoto nao ukashikwa na ugonjwa ule ule.

Hapo niliacha kucheka. Niliutazama mkono wangu wa kushoto juu ya kipanya, nikauondoa.

Ramazzini alifariki Padua tarehe 5 Novemba 1714, kwa kupatwa na kiharusi siku aliyokuwa akijiandaa kwenda kufundisha. Alikuwa na umri wa miaka 81. Kipanya cha kwanza, kilichochongwa kwa mti, kilitengenezwa Marekani mwaka wa 1964 kwa mawazo ya Bwana Douglas Engelbart. Kwa hiyo Ramazzini hakukijua; lakini sababu zake tatu ndizo nilizozifuata nilipotafuta kipanya cha kunifaa.

Mwalimu wa kompyuta aliniruhusu kujaribu aina tatu. Cha kwanza ni cha kawaida, lakini kikubwa cha kujaza kiganja, ili vidole visijikunje kukibana. Cha pili ni cha wima, ambacho hukishika kama unayempa mtu mkono. Hiki hakikulazimishi kuupindua mkono hata kiganja kitazame chini. Cha tatu hakitembei kabisa, bali kina tufe linalozungushwa kwa vidole, na mkono hutulia mahali pake. Kinafaa penye meza ndogo. Mimi kilichonituliza ni cha wima. Rafiki yangu mwenye mkono mdogo alikiona kama jiwe, akapenda cha tufe. Basi asiwadanganye mtu kuwa kiko kimoja kiwafaacho wote. Kiatu hupimwa mguuni, na kipanya hupimwa mkononi, tena kwa kazi ya nusu saa, si kwa kukishika dukani mara moja.

Lakini kipanya peke yake hakitoshi. Nilikisogeza karibu na mwili, kiwiko kikae ubavuni. Nilishusha kiti kilichokuwa kirefu. Nilijifunza kutumia vitufe vya kibodi kwa mambo madogo madogo, nikaazimia kuinuka na kujinyosha kila baada ya nusu saa. Ganzi ilikwisha baada ya wiki kadhaa. Kama haikwishi, msinyamaze: nendeni kwa mganga, na msipoulizwa kazi yenu, itajeni wenyewe. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Limebaki jambo moja. Mama yangu ni fundi cherahani, na kwa kazi hiyo ananilipia nauli na madaftari. Likizo iliyopita nilikaa karibu naye, nikamwuliza swali la Ramazzini: Mama, kazi hii inakuumiza wapi? Alinyamaza kidogo, akaacha kukanyaga. Akanijibu kuwa ni bega la kulia na kiuno, tangu nilipokuwa darasa la nne. Miaka yote hiyo nilikuwa nikilala chumba kile kile na mlio wa cherahani, wala sikuwahi kumwuliza.

Kigoda chake kilikuwa kifupi mno, hata bega likainuka kila aliposukuma kitambaa. Nilikipigilia ubao chini kikainuka, tukaisogeza cherahani penye mwanga wa dirisha asiiname sana. Anasema bega limepungua kuuma. Nanyi, wenzangu, mkifunga shule waulizeni wazazi wenu.