Reginald Moreau na Hesabu ya Chakula cha Hondohondo

Wanachuo wetu waendapo kufanya mazoezi ya kufundisha katika shule za Handeni na Korogwe, huchora ubaoni jua, jani, panzi, kuku na kicheche, kisha wakaviunganisha kwa mishale. Watoto hukariri. Lakini mshale ule hubeba nini, na kiasi gani? Hapo somo la nishati hukwama. Kwa hiyo tumeona yafaa kusimulia habari za mtu aliyeishi jirani nasi, ng'ambo ya bonde la Lwengera, ambaye kazi yake ilikuwa kuhesabu.

Reginald Ernest Moreau alizaliwa Uingereza tarehe 29 Mei, 1897. Hakusoma chuo kikuu. Mwaka 1914 aliingia katika idara ya ukaguzi wa hesabu za jeshi. Akaugua baridi yabisi, na mwaka 1920 akahamishiwa Cairo penye hewa kavu. Huko alianza kutazama ndege kwa bidii, na huko alikutana na mkewe Winifred, ambaye jina la ukoo wake, ajabu iliyoje, lilikuwa Bird, yaani Ndege. Mwaka 1928 walihamia Amani, katika Usambara Mashariki, kwenye kituo cha utafiti kilichoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902. Wakakaa mpaka 1946.

Msitu wa Amani una hondohondo mkubwa mwenye mashavu ya rangi ya fedha. Jike huingia katika shimo la mti mrefu na kujiziba kwa udongo anaoletewa na dume, akiacha ufa mwembamba tu. Tangu hapo hula kile tu anacholetewa. Dume huja na matunda kooni, akiyatoa moja moja. Moreau na mkewe waliwachunguza ndege hawa, na mwaka 1941 wakachapisha habari za uzazi wao. Makadirio yanayotajwa katika vitabu ni kwamba dume huleta matunda kama 24,000 kwa safari 1,600 katika muda wa siku 120. Wanafunzi wa darasa la tano na wagawanye wenyewe: matunda 15 kila safari, matunda 200 kila siku.

Na mavuno ya shehena yote hiyo? Kwa kawaida, kinda mmoja. Nishati ambayo majani yaliipokea kutoka kwenye jua na kuiweka katika sukari ya tunda imetumika katika mbawa za dume, katika joto la mwili wa jike, na katika pumzi za kinda. Mbegu na kinyesi huanguka chini na kurudi katika udongo. Joto lililopotea angani halirudi. Mwaka 1942, Raymond Lindeman wa Marekani alilieleza jambo hili kwa kipimo cha ziwa dogo. Siku hizi hufundishwa kwamba yapata sehemu moja tu katika kumi hupita kutoka ngazi moja ya ulaji hadi nyingine, ingawa kiasi hicho hubadilika sana.

Mwaka 1944 Moreau alionyesha pia kwamba ndege wa Afrika ya joto hutaga mayai machache kuliko jamaa zao wa nchi za baridi. David Lack akaliunganisha jambo hilo na chakula ambacho wazazi wanaweza kuwaletea makinda.

Haifai tumsifu Moreau peke yake. Waafrika wa Amani, hasa Salimu Asmani, walikuwa macho yake msituni. Wasaidizi walikaa karibu na viota tangu alfajiri hadi jioni wakiandika kila ujio wa mzazi. Kazi hiyo haihitaji maabara. Mbayuwayu aliyejenga chini ya paa la shule ya Handeni anatosha, pamoja na daftari, saa, na watoto wanaopokezana zamu kwa utulivu.

Moreau alirudi Uingereza, akahariri jarida la ndege liitwalo Ibis, na akafariki tarehe 30 Mei, 1970. Kitabu chake juu ya ndege wanaohama kati ya Ulaya na Afrika kilitoka mwaka 1972.