Martin Luther: Alipofika vijijini akakuta watu hawaijui Injili

Ukimuuliza muumini anayetoka ibadani Jumapili Injili ni nini, wengi watakujibu kwamba ni habari njema. Jibu ni sahihi. Lakini ukiendelea kuuliza habari yenyewe ni ipi, na wema wake uko wapi kwa mtu mwenye mgonjwa ndani, mwenye deni, au mwenye kosa linalomnyima usingizi, majibu huanza kupishana. Katika kipindi chetu cha jioni tumeyasikia mengi. Mmoja anasema Injili ni kuacha pombe. Mwingine anasema ni kutoa sadaka ili Mungu akufungulie milango. Mwingine anasema ni kupata muujiza.

Leo tunawaletea maisha ya mtu aliyekutana na hali kama hiyo karibu miaka 500 iliyopita. Huyu ni Martin Luther wa Ujerumani. Wengi wanamjua kwa ugomvi wake na Papa. Sisi tutakaa zaidi na safari yake ya vijijini, ambayo haisimuliwi sana, na kijitabu kilichotokana nayo.

Mtoto wa mchimba madini

Luther alizaliwa tarehe 10 Novemba 1483 katika mji wa Eisleben. Baba yake, Hans, alitoka katika ukoo wa wakulima, akaingia kwenye kazi ya madini ya shaba na kupanda kidogo kidogo mpaka akaweza kumsomesha mwanawe. Alitaka kijana awe mwanasheria, na mwaka 1501 Martin akaingia Chuo Kikuu cha Erfurt.

Julai 1505, akiwa njiani kurudi chuoni, mvua kubwa ilimkuta karibu na kijiji cha Stotternheim. Radi ilipiga karibu naye. Kwa hofu ya kufa alimwita Mtakatifu Anna na kuweka nadhiri kwamba akipona atakuwa mtawa. Alipona, na wiki mbili baadaye akabisha hodi kwenye nyumba ya watawa wa Mtakatifu Augustino. Baba yake alikasirika sana.

Huko ndani Luther alifunga, alikesha na kuungama dhambi kwa saa nyingi. Hakupata amani. Kila alipomaliza kuungama alikumbuka kosa lingine, na kila alipofanya jema alijiuliza kama limetosha. Alikuwa amefundishwa kwamba Mungu ni mwenye haki, naye akaelewa kuwa maana yake ni Mungu anayemsubiri mwenye dhambi ili amwadhibu.

Mkubwa wake katika utawa, Johann von Staupitz, alimhimiza aendelee na masomo. Mwaka 1512 Luther akawa daktari wa theolojia na mwalimu wa Biblia katika mji mdogo wa Wittenberg. Alipokuwa akiwaandalia wanafunzi masomo ya Zaburi na Waraka kwa Warumi, aliona jambo lililobadilisha maisha yake. Alielewa kwamba haki ambayo Paulo anaiandika ni haki ambayo Mungu anampa mtu bure, kwa ajili ya Kristo, na mtu anaipokea kwa imani. Matendo mema yanafuata baadaye, kama mti mzuri unavyozaa matunda mazuri. Hayawi malipo ya kununulia upendo wa Mungu.

Kwa Luther, hiyo ndiyo iliyokuwa Injili: habari ya kile ambacho Mungu amekwisha kumfanyia mwanadamu.

Vyeti vya msamaha

Luther hakuwa mwalimu wa chuo tu. Alikuwa pia akihubiri katika kanisa la mji. Mwaka 1517 mhubiri aliyeitwa Johann Tetzel alikuwa akizunguka maeneo ya jirani akiuza hati za rehema, ambazo tunaweza kuziita vyeti vya msamaha. Watu waliaminishwa kwamba fedha zao zingepunguza adhabu za dhambi, hata kwa ndugu zao marehemu walioko toharani. Sehemu ya fedha ilikwenda kujenga Kanisa la Mtakatifu Petro kule Roma. Sehemu nyingine ilikwenda kulipa deni la Askofu Mkuu Albrecht, aliyekuwa amekopa ili apate cheo chake.

Watu wa Wittenberg walivuka mpaka kwenda kununua, kisha wakarudi wakiwa na cheti mkononi. Kwa Luther jambo hili liliwagusa watu aliowahubiria kila wiki. Mtu maskini alikuwa anatoa akiba yake kwa kitu ambacho, kwa mafundisho ya Biblia, Mungu anakitoa bure. Na alikuwa anatoa kwa sababu hakuna aliyemfundisha vizuri.

Tarehe 31 Oktoba 1517 Luther alimwandikia Askofu Mkuu Albrecht barua pamoja na hoja 95 za kujadiliwa na wasomi. Habari kwamba alizipigilia pia kwenye mlango wa kanisa inasimuliwa sana, ingawa wanahistoria bado wanabishana. Hoja hizo ziliandikwa kwa Kilatini, lugha ambayo mkulima hakuielewa. Mwaka uliofuata Luther aliandika maelezo mafupi ya jambo hilohilo kwa Kijerumani, na mashine za uchapaji zikayasambaza mji kwa mji. Hapo ndipo watu wa kawaida walipoanza kufuatilia.

Yaliyofuata yanajulikana. Papa alimtenga na Kanisa Januari 1521. Aprili mwaka huohuo aliitwa mbele ya Kaisari Karoli wa Tano mjini Worms na kutakiwa ayakane maandiko yake. Alikataa. Njiani kurudi, watu wa mtawala wa Saxony walimteka kwa makusudi ili kumficha katika ngome ya Wartburg. Akiwa humo alitafsiri Agano Jipya kutoka Kiyunani kwenda Kijerumani kwa muda wa wiki 11 hivi. Lilitoka Septemba 1522.

Wakulima wanasimama

Mwaka 1524 na 1525 wakulima wa sehemu nyingi za Ujerumani waliwaasi mabwana zao. Walikuwa wamechoka na kodi, kazi za lazima na kunyimwa misitu na mito. Mwaka 1525 baadhi yao walitoa madai 12. Dai la kwanza kabisa halikuhusu ardhi wala kodi. Walitaka kila jumuiya iwe na haki ya kumchagua mchungaji wake, naye awahubirie Injili kwa uwazi, bila kuongeza mambo ya wanadamu. Watu wa jembe walikuwa wameona kwamba asiyeelewa anachofundishwa ni rahisi kuonewa.

Hapa Luther aliwaangusha. Mwanzoni aliwakemea mabwana kwa ukatili wao na wakulima kwa kushika silaha. Vurugu zilipozidi aliandika maneno makali akiwataka watawala wawapige waasi bila huruma. Watawala walifanya hivyo, na makadirio ya waliouawa yanafikia watu 100,000. Wakulima wengi hawakumsamehe. Hatuwezi kusimulia maisha yake tukaliruka hilo, kama tusivyoweza kuruka maandishi ya chuki aliyoyaandika dhidi ya Wayahudi mwaka 1543. Makanisa mengi ya Kilutheri yameyakana maandishi hayo waziwazi.

Safari ya ukaguzi

Luther alimwoa Katharina von Bora, aliyewahi kuwa mtawa, Juni 1525. Agosti 1528 walimzika binti yao Elisabeth, mtoto wa miezi minane. Miezi miwili baadaye Luther alitoka kwenda vijijini.

Mtawala wa Saxony alikuwa ameagiza makanisa yote yakaguliwe. Wakaguzi walikwenda parokia kwa parokia wakiwauliza wachungaji wanafundisha nini na waumini wanajua nini. Luther alikuwa mmoja wao. Miaka 11 ilikuwa imepita tangu zile hoja 95. Agano Jipya lilikuwa limechapwa kwa lugha ya nyumbani. Mtu angetegemea kukuta watu wameelimika.

Alichokikuta kilimhuzunisha sana. Watu wengi wa vijijini hawakujua chochote cha mafundisho ya Kikristo. Walikuwa wamebatizwa, walishiriki meza ya Bwana, waliitwa Wakristo, lakini hawakujua Sala ya Bwana, Imani ya Mitume wala Amri Kumi. Wachungaji wengi nao hawakuweza kufundisha. Taarifa za ukaguzi zinamtaja mmoja, karibu na mji wa Torgau, aliyejulikana sana kwa kufukuza mapepo, ilhali Sala ya Bwana yenyewe aliisema kwa kubahatisha. Na wengine waliokuwa wamesikia habari ya uhuru wa Injili walikuwa wameelewa kwamba sasa kila mtu afanye anavyotaka.

Luther hakuwalaumu wanakijiji. Lawama aliielekeza kwa maaskofu na wachungaji waliopewa kazi ya kufundisha wakaiacha. Vitabu vikubwa vilikuwepo na mijadala ya wasomi ilikuwepo, lakini havikumfikia mama aliyekuwa akikamua ng'ombe.

Kijitabu cha maswali na majibu

Aliporudi aliandika Katekisimo Ndogo, iliyotoka mwaka 1529. Sehemu zake zilichapwa kwanza kwenye karatasi kubwa za kubandika ukutani. Ilikusudiwa mzazi aitumie kuwafundisha watoto na watumishi nyumbani.

Ilipangwa hivi: Amri Kumi kwanza, kisha Imani ya Mitume, kisha Sala ya Bwana, halafu Ubatizo na Meza ya Bwana. Mpangilio huo una sababu, na miaka kadhaa nyuma Luther alikuwa ameueleza kwa mfano wa mgonjwa. Mgonjwa anahitaji kwanza kujua anaumwa nini. Amri zinamwonyesha. Kisha anahitaji kujua dawa iko wapi. Imani ya Mitume inamwonyesha kile Mungu alichofanya kwa njia ya Kristo. Mwisho anahitaji kujua namna ya kuipata dawa hiyo. Sala inamfundisha kuomba. Mtu akipewa Amri peke yake anabaki na ugonjwa na hofu. Akiambiwa habari za dawa bila kuambiwa ugonjwa, haoni kwa nini aihitaji.

Baada ya kila kipengele kuna swali fupi linalotaka maana yake, na jibu fupi ambalo mtoto anaweza kulishika.

Luther aliwapa wachungaji maelekezo ambayo mwalimu yeyote anaweza kuyatumia. Kwanza, chagua maneno ya aina moja na usiyabadilishe mwaka hadi mwaka, maana watoto na watu wasiosoma huchanganyikiwa wakisikia leo hivi na kesho vile. Pili, wakishayashika maneno, waeleze maana, kipengele kimoja kimoja, bila haraka. Tatu, ndipo uende kwenye mafundisho mapana zaidi, ukikazia pale ambapo watu wako wanakosea zaidi. Yeye mwenyewe, ingawa alikuwa daktari wa theolojia, alieleza kwamba kila siku aliyarudia maneno hayo kama mtoto.

Alifanya pia juhudi nyingine za aina hiyo. Alitunga nyimbo za Kijerumani ili asiyejua kusoma aimbe mafundisho. Aliwaandikia viongozi wa miji wafungue shule za wavulana na wasichana. Mwaka 1534 Biblia nzima ilitoka. Hata wapinzani wake waliona umuhimu wa mafundisho yaliyo wazi: Kanisa Katoliki lilitoa katekisimo yake mwaka 1566, baada ya Mtaguso wa Trento. Na mwaka 1999 Walutheri na Wakatoliki walitia saini tamko la pamoja kwamba mwanadamu anakubaliwa na Mungu kwa neema, si kwa stahili yake.

Kifo chake, na sisi

Luther alifariki tarehe 18 Februari 1546 mjini Eisleben, palepale alipozaliwa, alikokwenda kupatanisha ndugu wa ukoo wa watawala waliokuwa wakigombana. Alizikwa Wittenberg. Katika karatasi ya mwisho aliyoiandika alikiri kwamba mbele ya Mungu sisi sote ni ombaomba.

Kijitabu chake kilisafiri. Wamisionari Walutheri walikileta katika nchi ambayo leo ni Tanzania, huko Kilimanjaro na kusini karibu na Ziwa Nyasa, miaka ya 1890. Kwa hiyo msikilizaji wetu uliyepitia mafundisho ya kipaimara katika KKKT, yale maswali na majibu uliyokariri ukiogopa kuulizwa mbele ya usharika yalitokana na ile safari ya 1528.

Lakini kukariri peke yake hakutoshi, na Luther alilijua hilo. Ndiyo maana swali la maana lipo kila baada ya fungu. Pale ambapo kanisa haliwaelezi watu wazi kwamba msamaha ni zawadi, hatakosekana mtu wa kuja kuwauzia. Zamani aliuza vyeti. Siku hizi tunasikia habari za maji, mafuta na vitambaa vinavyouzwa kwa majina ya upako, na wanunuzi mara nyingi ni watu waliouza kuku au gunia la mahindi ili wapate nauli ya kufika huko.

Wewe unayesali katika kanisa lolote, wiki hii jaribu jambo moja. Mwulize mtoto wako, au mwulize mzee wa kanisa lako, Injili ni nini na wema wake ni upi kwako. Kama jibu halieleweki, usimcheke. Kaeni chini, mwombeni mchungaji, padre au katekista awafundishe taratibu, kipengele kimoja kimoja. Kisha tuandikieni ujumbe mfupi mtueleze mlijibiwaje. Tutausoma katika kipindi cha jioni.