Bibi Kate Sheppard na Haki ya Kura

New Zealand ni visiwa vilivyo mbali sana katika bahari ya kusini, kupita Australia. Mwaka wa 1869 alifika huko kwa merikebu msichana mmoja, jina lake Kate Malcolm, pamoja na mamaye na ndugu zake. Alizaliwa mnamo mwaka wa 1848 katika mji wa Liverpool, Uingereza, na babaye alikuwa amekwisha kufa. Wakakaa katika mji wa Christchurch, na mwaka wa 1871 Kate akaolewa na mwenye duka, Bwana Walter Sheppard.

Siku zile ulevi uliharibu nyumba nyingi. Waume walimaliza mshahara wao vilabuni, na watoto wakalala na njaa. Basi mwaka wa 1885 wanawake Wakristo walifanya chama cha kupinga ulevi, na Bibi Kate akawa mmoja wao. Wakapeleka maombi Bungeni, kwamba watoto wasiuziwe pombe. Maombi yao yakakataliwa. Ndipo Bibi Kate alipotambua ya kuwa wajumbe, kwa kuwa walichaguliwa na wanaume peke yao, hawakuona haja ya kuwasikiliza wanawake.

Tangu mwaka wa 1887 yeye ndiye aliyeongoza kazi ya kuwaombea wanawake kura. Hakutumia nguvu wala matusi. Aliandika barua na vijitabu, alihutubia mikutano, na wenzake walikwenda nyumba kwa nyumba, mjini na mashambani, kukusanya majina ya wanawake. Mwaka wa 1891 walipeleka Bungeni majina zaidi ya 9,000, wasipate kitu. Mwaka wa 1892 walipeleka zaidi ya 19,000, wakakataliwa tena. Watu wengine waliwacheka, na wauza pombe waliwapinga kwa bidii. Lakini Bibi Kate akaanza kazi upya.

Mwaka wa 1893 majina yalikuwa karibu 32,000. Bibi Kate akazigandisha karatasi nyingi ncha kwa ncha, zikawa ukanda mmoja wa mita 270 hivi, akauzungusha juu ya kipande cha mpini wa ufagio. Bwana John Hall, mjumbe aliyewasaidia wanawake, akaukunjua Bungeni, ukatandazika sakafuni mbele ya wote.

Bunge lile lilikuwa na mabaraza mawili. La kwanza likakubali. Katika la pili, wajumbe 20 walikubali na 18 walikataa. Tarehe 19 Septemba 1893 Gavana akatia sahihi, na New Zealand ikawa nchi ya kwanza yenye kujitawala kuwapa wanawake wote haki ya kuchagua wajumbe wa Bunge. Wanawake Wamaori, wenyeji wa visiwa vile, walipata haki hiyo pia. Wapinzani walisema kutakuwa na fujo. Lakini mwaka ule ule wanawake zaidi ya 90,000 walipiga kura kwa utulivu.

Hata hivyo mwanamke hakuruhusiwa kuwa mjumbe mpaka mwaka wa 1919, na wa kwanza alichaguliwa mwaka wa 1933. Bibi Kate aliishi akaiona siku hiyo, naye akafa mwaka wa 1934.

Haba na haba hujaza kibaba. Jina moja juu ya karatasi ni kitu kidogo. Majina mengi, yakikusanywa kwa saburi, yalibadili sheria ya nchi.